Telesia Hapunguzi Mtu

Telesia Mligo wa Makambako ameandika wasifu wa watu arobaini na mmoja. Arobaini kati yao hawakuwahi kuusikia, kwa sababu unasomwa wakati wenyewe wamelala kwenye jeneza. Mmoja tu aliusikia akiwa hai, amekaa kwenye kiti cha plastiki, kitenge kimefunika magoti, tena akaukatiza mbele ya watu wote. Hadithi hii ni ya Telesia, lakini bila huyo mmoja isingekuwepo.

Telesia ana miaka hamsini na nane, ni mfupi, na sauti yake ukiisikia mara moja utaijua hata ukiwa ng'ambo ya reli. Anauza masweta ya mitumba karibu na stesheni ya treni. Shule aliishia darasa la saba. Lakini mwandiko wake, jamani! Hata mwalimu wake alikuwa anampa yeye chaki aandike ubaoni, wenzake wanakili. Kwa hiyo jumuiya yao ya kanisa ilipotafuta katibu haikuhangaika. Na katibu wa jumuiya ndiye anayeandika wasifu mtu akifariki.

Mtu amefariki, turubai limefungwa, viti vimeshushwa. Telesia anaingizwa ndani na kaunta buku lake, anakalishwa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, ndugu wanamzunguka. Anauliza swali la kwanza: alizaliwa lini? Hapo hapo vita inaanza.

"Mwaka ule treni ya kwanza ilipopita hapa."

"We nawe! Treni ilimkuta anachunga ng'ombe."

"Alikuwa anachunga mbuzi. Ng'ombe wa nani, kwa baba yupi?"

Wanabishana mpaka mtu akumbuke cheti cha ubatizo, na cheti chenyewe kikipatikana kimeliwa na panya pale kwenye mwaka. Baada ya hapo mambo yanakwenda yenyewe. Alizaliwa, alibatizwa, alisoma, alioa, alijaliwa watoto saba, alianza kuugua, alipelekwa hospitali, Bwana akampenda zaidi. Na pale katikati: marehemu alikuwa mpole, mcheshi, mpenda watu na mshiriki mwema. Miaka ilivyokwenda Telesia akagundua njia ya mkato. Anafungua wasifu uliotangulia, anaunakili, anabadilisha majina. Inachukua nusu saa, na chai anakunywa ikiwa bado ya moto.

Mwaka jana, mwezi wa sita, wazee wawili wa jumuiya walifuatana ndani ya wiki mbili. Wa kwanza alikuwa Mzee Odilo, mfuga nyuki. Wa pili Mzee Hosea, fundi baiskeli. Telesia akanakili, akabadilisha majina, akasimama kaburini na kipaza sauti, na katikati ya kusoma akajisikia anatamka: "Marehemu alipenda sana nyuki wake, na hakuna aliyemtembelea akaondoka bila kuonja asali."

Hosea alikuwa anawaogopa nyuki kama moto. Na kwa ubahili, hata maji ya kunywa ulikuwa unamwomba mara mbili.

Telesia aliinua uso. Alisubiri mtu acheke au agune. Akina mama walikuwa wanatikisa vichwa kwa majonzi. Mzee mmoja akasema kwa sauti nzito, "Ni kweli kabisa." Watu walipotawanyika, mjane alimshika mikono yote miwili. "Asante mama. Umemsema mume wangu mpaka nikawa namwona."

Angetukanwa, angeomba msamaha, yakaisha. Ile "ni kweli kabisa" ndiyo iliyomchoma.

Aligundua mtu mmoja tu. Walipokuwa wanarudi, Beatha Sanga, jirani yake, alimvuta pembeni mpaka wengine wakatangulia.

"Telesia."

"Abee, dada."

"Hosea na nyuki wapi na wapi?"

Telesia akafunika uso kwa khanga. Beatha alicheka mpaka akashika uzio wa watu asianguke. "Umemzika Odilo mara mbili! Na Hosea yuko wapi sasa? Bado hajazikwa yule!" Halafu kicheko kikakatika ghafla. "Na mimi utanizika kwa jina la nani?"

Swali hilo Telesia alikaa nalo wiki nzima, anakunja masweta anayakunjua. Kisha akabadilisha maswali yake. Kwenye msiba uliofuata, baada ya kuuliza tarehe, aliuliza: "Alikuwa anachukia nini?" Watu wakatazamana. "Akikasirika alikuwa anafanyaje? Ni chakula gani alikuwa anakipika vibaya?" Binti wa marehemu akaangua kicheko huku machozi yanamtoka, akasema makande ya mama yake yalikuwa yanang'oa meno. Makande hayo yakasomwa kaburini. Mwenyekiti wa jumuiya, Mzee Ambrose, hakufurahi.

"Mama katibu, hayo ni maswali ya polisi."

"Polisi anamtafuta mtu, mzee. Mimi pia namtafuta."

"Tunao utaratibu hapa."

"Utaratibu ndio uliompa Hosea nyuki," alisema Telesia, na ndipo mwenyekiti alipojua habari ya nyuki kwa mara ya kwanza.

Basi, mwaka huu mwezi wa nne, akaja Fidelis. Ni mtoto wa kwanza wa Beatha, mwanamume wa miaka hamsini, ana shamba la maparachichi nje ya Njombe mjini, na huko ni mzee wa kanisa. Mama yake alikuwa anatimiza miaka sabini, na watoto walitaka kumfanyia ibada ya shukrani hapo hapo nyumbani kwake Makambako. Fidelis alisimama kwenye kibanda cha masweta, akatoa simu yenye maandishi tayari.

"Shikamoo mama mdogo. Wasifu wa mama tunakuomba utuandikie wewe. Mambo yenyewe nimeyapanga humu. Alizaliwa Ipelele, Makete. Aliolewa, akawa mjane mapema, akalima, akatulea. Leo tunamshukuru Mungu."

"Marahaba mwanangu. Na Matembwe?"

Fidelis akarudisha simu mfukoni taratibu. "Matembwe ya nini?"

"Si mama yako alipasua mbao kule? Anasimuliaga mwenyewe."

"Hiyo ipunguze, mama mdogo. Mchungaji atakuwepo, wageni watakuwepo. Ipunguze tu."

Telesia akajisemea moyoni, ahaa, mzee wa kanisa anaona aibu mama yake kufanya kazi ya wanaume. Alikosea, lakini kujua kwamba alikosea kulimchukua majuma mawili na safari moja.

Kumhoji Beatha si mchezo. Hakai. Telesia alimkuta anamenya viazi, na kabla hajafungua daftari akakabidhiwa kisu.

"Menya. Mtu anayeniangalia mdomo tu simsimulii."

"Sasa nitaandika na mkono upi?"

"Sikiliza kwanza. Si ndiyo hiyo kuandika haraka iliyokupeleka kwenye nyuki?"

Hivyo Telesia akamenya viazi siku tatu, na vikiisha anakimbilia kwake kuandika kabla maneno hayajapoa. Aliyoyaandika ni haya. Mume wa Beatha, Sila, alikuwa mpasua mbao katika misitu ya Matembwe. Zamani hizo mashine hazikuwepo. Gogo linapandishwa kwenye jukwaa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu, mwingine anaingia chini, na kati yao upo msumeno mrefu wa mishikio miwili. Sila alikuwa mtu wa chini. Vita ya Kagera ndiyo ilikuwa inaanza wakati kichomi kilipomuua. Beatha alikuwa na miaka ishirini na tatu. Alitoka Ipelele kwenda kuchukua vitu vya marehemu: blanketi, sufuria, na viatu.

"Nikakuta gogo juu ya jukwaa," alisema Beatha. "Limeshapigwa mistari kwa uzi uliochovywa kwenye ile nyeusi ya betri. Limepasuliwa nusu. Mwenzake Shadrack amekaa pembeni, ameshika shavu. Nikamuuliza, hili atalimaliza nani? Nikaweka blanketi chini, nikaingia shimoni."

"Hukuogopa?"

"Niogope shimo? Nilikuwa nimetoka kumwona mume wangu anaingizwa kwenye jingine."

Telesia aliacha kumenya.

"Wazee wa kijiji wakaja. Eti mwanamke shimoni ni mwiko, miti itawaangukia watu. Nikawaambia haya, ingieni nyie, mimi nitoke. Hakuna aliyeingia! Nikabaki kwenye kazi ya mume wangu, nikapasua mbao, nikapasua, na Fidelis wangu mgongoni. Andika hivyo hivyo. Mgongoni."

Telesia akaandika mgongoni. Lakini siku hizi alikuwa na tabia mpya, ya kwenda kuuliza mtu wa pili. Alipanda gari mpaka Njombe, akabadilisha la kwenda upande wa Lupembe, akashuka Matembwe. Mzee Shadrack hakuwa mgumu kumpata. Alikuwa mlangoni kwake anatia makali msumeno kwa tupa, japo siku hizi kijiji kizima kinalia mashine na msumeno wake haukati tena hata kuni.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Nani amekutuma?"

"Sijatumwa. Namwandika Beatha."

Tupa ikasimama. Mzee akatabasamu, meno matatu. "Yule mwanamke! Alikuwa anavuta msumeno kama ana ugomvi na mti. Mimi nilikuwa juu, nikichoka nasingizia mguu. Yeye chini hasemi kitu, anavuta tu."

"Na mtoto mgongoni."

"Mtoto gani?"

"Fidelis."

Mzee Shadrack akamtazama kama mtu aliyeambiwa maji yanapanda mlima. "Mama, mtu wa shimoni ananyeshewa vumbi la mbao kutwa nzima. Tulikuwa tunakohoa, na vumbi linatoka. Mtoto mdogo angekaa siku ngapi humo? Alimwacha kwa mama yake Ipelele. Tukimaliza gogo alikuwa anakwenda kukaa peke yake, anageukia upande jua linakozama, upande wa kwao. Ukimwongelesha hajibu. Nilikuwa namwacha."

"Miaka mingapi?"

"Mitatu hivi. Kwenda ilikuwa mbali, si unajua. Na mbao zilikuwa hazisubiri."

Njia nzima ya kurudi Telesia alikuwa anamwona Fidelis, ile namna alivyorudisha simu mfukoni. Kumbe si aibu ya kazi ya wanaume. Ukiitaja Matembwe, unamtaja mtoto aliyekuwa anasubiri Ipelele.

Kesho yake akaenda kwa Beatha. Hakukuwa na viazi safari hii.

"Dada, nimetoka kwa Shadrack. Anasema Fidelis hakuwepo."

"Shadrack amezeeka."

"Anakumbuka hata upande uliokuwa unageukia ukikaa."

Beatha akaanza kufagia mahali palipokwisha fagiliwa. Alifagia sana. Kisha akasimama na ufagio kama mtu aliyeshika silaha.

"Haya maisha ni ya nani? Yangu au yako?"

"Yako, dada."

"Basi andika mgongoni."

"Maisha ni yako, kalamu ni yangu. Siandiki mtoto mahali ambapo hakuwepo. Nilishaandika nyuki, inatosha."

"Basi futa Matembwe yote! Andika alivyotaka Fidelis. Alilima, akalea."

"Sifuti."

"Telesia!"

"Sifuti. Nikifuta utabaki mpole, mcheshi, mpenda watu. Wewe umewahi kuwa mpole lini?"

Midomo ya Beatha ikatetemeka, ikataka kucheka, akaizuia. "Ukisoma hilo mbele ya watu, kwangu usije tena. Hata chumvi usiniombe."

Miaka kumi na tisa wamepokezana chumvi, moto na watoto wagonjwa. Lakini Telesia alikuwa amemwona mtu kamili, mwenye shimo lake na mtoto wake wa mbali, na akishamwona hakujua namna ya kujifanya hajamwona.

"Sikusomei kwa nguvu," alisema. "Nitakuja na wasifu wote au sitakuja na chochote. Mkiukataa, mtafute mwingine."

Fidelis naye alipopigiwa simu alijibu kifupi. "Basi nitausoma wa kwangu mwenyewe, mama mdogo." Na Mzee Ambrose, aliposikia, akamwambia Telesia arudishe kaunta buku la jumuiya, watamtafuta katibu mwingine mwenye heshima. Telesia akalirudisha siku hiyo hiyo, akaliweka juu ya meza yake, pwaa.

"Mwambie huyo mwenye heshima," alisema, "wasifu wa mwisho umeishia ukurasa wa themanini. Akinakili, aangalie majina."

Siku ya ibada ukungu uliondoka mapema. Turubai la buluu lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye nyasi. Telesia hakutaka kwenda. Akaenda, akakaa safu ya nyuma kabisa, karatasi zake zimekunjwa ndani ya sweta. Beatha alikuwa mbele, amevalishwa gauni jipya, amenyooka kama nguzo. Hakugeuka.

Baada ya nyimbo na mahubiri, Fidelis akasimama na simu yake. Alisoma vizuri, sauti safi. Mama alizaliwa Ipelele. Mama alibatizwa. Mama aliolewa. Mama ni mpole, mcheshi...

"Kaa chini," alisema Beatha.

Fidelis akadhani hajasikia vizuri. "Mama?"

"Kaa chini, mwanangu. Huyo unayemsoma simjui, na leo si siku yake." Akageuka sasa, akatafuta kwa macho mpaka safu ya nyuma. "Yuko wapi yule mwizi wa nyuki? Njoo usome."

Watu wakacheka bila kujua wanachekea nini. Mzee Ambrose alinyanyua mkono kama anayetaka kutoa tangazo, lakini Telesia alikuwa ameshafika mbele, na kipaza sauti alikichukua mkononi mwa Fidelis kwa upole kabisa, kama mtu anayepokea mtoto.

Akasoma. Akasoma baridi ya Ipelele na msichana aliyempiga teke mwalimu. Akasoma kichomi cha Sila, gogo lililopasuliwa nusu, blanketi lililowekwa chini. Wazee wa kijiji walipoambiwa waingie wao shimoni, akina mama walipiga vigelegele na mchungaji akainamisha kichwa kuficha meno. Kisha akafika pale. Alivuta pumzi.

"Katika miaka hiyo, mtoto wake wa kwanza alimwacha kwa mama yake Ipelele, miaka mitatu..."

"Mgongoni!" Beatha alisema kwa nguvu.

Telesia aliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Ipelele, dada."

"Nimesema mgongoni!"

"Nami nimesema Ipelele. Ukitaka, nishushe."

Beatha hakumshusha. Fidelis alikuwa bado amesimama pale pale alipokiachia kipaza sauti. Alisogea, akakiinamia mkononi mwa Telesia, akaongea.

"Si mitatu," alisema. "Ni minne. Krismasi nne, mama mdogo. Nilizihesabu."

Beatha alimtazama mwanaye. Hakulia, yeye si mtu wa hivyo. Alikunja ngumi juu ya kitenge.

"Nilikutumia koti," alisema.

"Lilikuwa kubwa. Lilinifika miguuni."

"Nilikuwa sijui umekua kiasi gani."

Fidelis akavuta kiti cha plastiki, akakiweka karibu na cha mama yake, karibu sana mpaka viti vikagongana, akakaa. Beatha akanyoosha mkono bila kumwangalia, akamwekea vizuri kola ya shati iliyokuwa imekaa sawa tangu asubuhi.

Telesia akaomba kalamu. Mchungaji akampa ya kwake. Pale pale mbele ya watu wote akakata neno mitatu, akaandika minne. Chini yake akaandika: koti. Akasita, akainua kipaza sauti.

"La rangi gani?"

"Kijani," alisema Fidelis.

"La kijani wapi! La bluu."

"Mama, nililivaa mimi."

"Nililinunua mimi, Njombe sokoni, na mvua inanyesha!"

"Macho yalikuingia vumbi la mbao, mama, ndiyo maana ukaona bluu. Lilikuwa kijani."

Huko nyuma mtu mmoja akaita kwamba chakula kinapoa, tuendelee. Telesia, kalamu juu ya karatasi, akamwambia akae.